Hakuna Maziwa Bila Kuonyesha Nyayo

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ambayo vizazi vyote vya Masisi vitaikumbuka, mwandishi wenu anapanda kilima cha Kalembe kwa mwendo wa prefe, mkuu wa shule ya bweni.

Mama Drocella hainui hata kichwa.

“Panga mustari, mutoto. Na vua viatu.”

Mama huyu, mfugaji na muuza maziwa, hamjazii mteja chupa kabla ya kumkagua nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Leo kuna mzee mmoja analalamika.

“Mama, miguu ni ile ile ya wiki yenye ilipita!”

“Basi na maziwa iko ile ile ya wiki yenye ilipita. Utakunywa?”

Mzee anainua mguu.

Miaka minne iliyopita, doa jeusi lilimtokea Mama Drocella chini ya kisigino. Alidhani ni mwiba wa malishoni, akalifungia majani. Lilipoanza kutoa damu, melanoma, kansa ya ngozi, ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kinena.

Kaka yake Evode, anayeishi Ubelgiji, alimpeleka hospitali ya huko. Madaktari walikata doa na tezi. Kisha, kama nyongeza ya upasuaji, wakamwingiza katika majaribio ya chanjo inayotengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe. Zinaitwa seli za dendriti, na kazi yake ni kuwaonyesha askari wa mwili adui ni nani.

“Balitoa damu yangu, bakaifundisha kansa iko na sura gani, bakanirudishia,” anasema. “Ni kama muchungaji anaonyesha benzake: angalieni, huyu njo mwizi wa ngombe.”

Madaktari hawasemi kwamba chanjo ndiyo iliyomponya, bado wanaichunguza. Naye habishani nao.

“Nashukuru kisu, nashukuru sindano, nashukuru Mungu. Kila muntu na sehemu yake.”

Sasa anataka kukagua nyayo katika kila soko, kuanzia hapa hadi Buleusa.

Zamu ya mwandishi wenu inafika. Mama Drocella anashika mguu wa kushoto, anauinamia. Chini ya kisigino kuna doa jeusi.

“Bibiche!” anamwita binti yake. “Funga bidoni ya maziwa. Leo hatuuzishe tena. Tunapeleka huyu mutoto hospitali ya Goma.”

Foleni nzima inasogea kuchungulia. Mama analowesha ncha ya kitenge chake na kuupangusa ule mguu, polepole, kama wa mtoto mchanga. Doa linahamia kwenye kitenge.

“Ni dawa ya viatu, Mama,” mwandishi wenu anakiri. “Nilijipaka mwenyewe. Nilitaka watu wacheke. Nisamehe.”

Mama Drocella anakaa chini. Machozi yanamtoka.

“Asante Mungu,” anasema. “Asante, ni bujinga tu.”

Kisha anajifuta uso.

“Leta na ule mwingine.”