Badria Uledi na masanduku mawili ya alumini yaliyomfanya ashuku kila mtu

Jua la asubuhi bado halijashuka chini Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, linaishia kwenye madirisha ya ghorofa za juu, na Badria Uledi anavuta kifuniko cha sanduku la kushoto la pikipiki yake. Kimefungwa. Anahamia la kulia, analivuta nalo. Anapiga hatua kuelekea dukani, anasimama, anarudi kuvuta tena lile la kushoto.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kumtazama. Macho yake yako kwa mwanamume mwenye shati la drafti aliyesimama kando ya nguzo ya umeme, kichwa kimeinamia simu. "Yule yuko pale tangu nimefika. Ni ujumbe gani huo hauishi kusomwa?"

Muda si mrefu mwanamke anatoka duka la mapazia na mfuko mkubwa, anamkabidhi yule mwanamume, na wote wawili wanaondoka wakibishana juu ya rangi ya kitambaa. Badria anawasindikiza kwa macho mpaka wanakata kona. Ndipo anaingia dukani.

Badria, mwenye umri wa miaka 38, ni mzaliwa wa Kigamboni, na bado anaishi huko na binti yake Amira, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kazi yake ni kuchukua vioo vya simu na betri kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo na kuvipeleka kwa mafundi simu wa Kibaha, Mlandizi, Chalinze na vijiji vya ndani ambako gari haliendi mvua ikinyesha.

Pikipiki yake si ya kawaida mjini. Ni ndefu, ya safari, aina ile wanayopanda wageni wanaozunguka bara zima. Aliinunua kwenye mnada wa mradi mmoja wa utafiti wa maji uliokuwa umefungwa.

"Watu wote walikimbilia magari," anasema. "Yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani, kubwa, imechubuka, hakuna anayeiangalia. Nikasema hii itanifikisha kijijini Mzenga hata kwenye tope."

Mwanzoni alibebea mzigo kwenye mabegi ya turubai, moja kila upande. Siku moja, katika foleni ya Jangwani, mtu alipitisha wembe. Badria hakuhisi kitu mpaka alipofika Kimara na kuona kitambaa kinapepea nyuma yake. Begi lilikuwa tupu.

Hapo ndipo alipoanza kuzunguka madukani kutafuta masanduku magumu. Aliona ya plastiki, mepesi na mazuri kwa macho, lakini dereva mmoja wa Chalinze alikuwa amemwonyesha la kwake lililopasuka vipande baada ya pikipiki kulala. Aliona ya alumini yanayofunguka ubavuni. Hayo pia aliyakataa.

"Ukifungua, vitu vyote vinakumwagikia miguuni. Mimi nabeba vioo," anasema. "Nikataka linalofunguka kwa juu, kama sanduku la bibi harusi. Likigonga linabonyea, unaligonga kwa nyundo, maisha yanaendelea."

Muuzaji alimshawishi achukue makubwa kuliko yote. Badria alikataa. Usiku pikipiki hulala sebuleni, na alikuwa amekwishapima mlango wa nyumba yake kwa kamba. Alichukua ya ukubwa wa kati, kwa bei iliyomfanya, kwa maneno yake, "nishindwe kumeza mate." Fremu za kuyashikilia zilitengenezwa na Anuari, fundi wa kuchomelea wa eneo la Gerezani aliyekuwa akimfanyia kazi zote za chuma.

Kuyazoea hakukuwa rahisi. Wiki ya kwanza alivunja kioo cha pembeni cha teksi, kwa sababu kichwa chake kilikuwa bado kinajua upana wa zamani. Alumini ilipokuwa ikisuguana na maboksi ya vioo iliacha unga mweusi kila mahali, na mafundi wakaanza kumuuliza kama anawaletea mali iliyotumika. Mtikisiko wa barabara ya vumbi ulipasua vioo kadhaa. Akakata godoro la zamani la Amira, akalibandika ndani pande zote.

Jambo ambalo hakulitarajia ni macho ya watu.

"Begi halikuwa linamshughulisha mtu," anasema. "Lakini boksi la chuma lenye kufuli! Kwenye pantoni mtu analigonga kwa kidole, anauliza kuna nini humu. Askari barabarani, kabla hata ya salamu, fungua. Nikaanza na mimi kuwaangalia wao. Huyu anauliza kwa nini? Yule anacheka nini?"

Kisha mzigo ukapotea.

Ilikuwa msimu wa mvua mwaka jana. Badria alipakia vioo katika duka la Mtaa wa Aggrey la Blandina Heriel, mfanyabiashara mwenye asili ya Rombo ambaye ndiye aliyekuwa akimpa kazi nyingi kuliko wengine. Alipita Gerezani, Anuari akamkazia bolti iliyolegea wakati yeye anakunywa chai upande wa pili wa barabara. Akasimama kituo cha mafuta Mbezi, akaingia msalani. Alipofika Kibaha na kufungua sanduku la kushoto, alikuta godoro peke yake.

Kufuli lilikuwa zima. Hapakuwa na mkwaruzo wala alama ya bisibisi. Lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena.

"Nilikaa chini pale pale kwenye matope," anakumbuka.

Alirudi Kariakoo jioni ile ile kumweleza Blandina. Leo, akiwa nyuma ya kaunta yake ya kioo, Blandina anakumbuka alivyomsikiliza.

"Nilimwambia pole. Ningesema nini kingine?" anasema. "Lakini moyoni nikajiuliza: kufuli halijavunjwa, ufunguo anao yeye. Mwenzangu, wewe ungefikiriaje?"

Blandina hakumdai. Aliacha tu kumpa mzigo. Maduka ya jirani nayo yakaanza kumwambia leo hakuna, pita kesho.

"Afadhali angenidai," anasema Badria. "Angenidai, ningejua ananiona mtu wa kulipa. Lakini alikaa kimya, ananiuliza mama hajambo, huku mzigo anampa mwingine."

Masanduku yalikuja na funguo tatu zinazofanana. Mbili alikuwa nazo mwenyewe. Ya tatu alikuwa amemwachia Anuari, ili asikwame zikipotea. Badria hakulala kwa kufikiria ufunguo ule wa tatu, na kulipokucha alikwenda Gerezani. Hakumsalimia. Alimwambia mbele ya wateja wake: "Mwizi wewe. Nilikupa ufunguo kama ndugu, ukanifilisi."

Anuari alizima mashine. Alikwenda ndani, akarudi na ufunguo, akauweka juu ya tanki la pikipiki. "Chukua," alisema. "Na usije tena hapa, hata kwa skrubu moja."

Badria aliondoka akiwa na hakika zaidi kuliko alivyokuja. Kutojitetea kwake aliona ni kukiri.

Miezi iliyofuata aliishi, anasema, kama mtu anayewindwa na adui. Alibeba mizigo midogo ya watu wasiomjua. Kila aliposimama alinyoosha uzi mwembamba kati ya kifuniko na sanduku, akirudi aukague. Funguo alizivaa shingoni. Kaka yake alipomwomba pikipiki kwenda msibani, alimuuliza mara tatu ni msiba wa nani.

"Hata mimi alinishuku," anasema Amira, akicheka kidogo. "Nikihamisha mkoba wake tu, ananiuliza ulikuwa unatafuta nini."

Mchana mmoja wa Agosti alikuwa ameegesha katika maegesho ya pikipiki kando ya Mtaa wa Msimbazi. Alipotoka dukani alimkuta mwanamume ameinamia pikipiki yake, kifuniko cha sanduku la kulia kiko wazi, mkono umo ndani.

Badria alipiga kelele. Alitamka neno lile lile alilomwambia Anuari, safari hii kwa sauti ya kusikika barabara nzima.

Anayeijua Kariakoo anajua kinachofuata. Watu walitoka madukani na kwenye meza za bidhaa. Yule mwanamume alivutwa shati, akaangushwa. Mtu alivua mkanda. Mwingine aliokota kipande cha tofali.

Mwanamume huyo ni Abdulhamid, fundi wa mizani anayezunguka Pwani na Tanga kurekebisha mizani za maghala ya mazao. Anakumbuka kila kitu.

"Neno lile likishatamkwa huna muda wa kueleza," anasema. "Nilikuwa nimeshika ufunguo juu, napiga kelele: langu! Boksi langu! Hakuna aliyesikia. Nikaona viatu tu."

Badria alisikia. Aliangalia kule mkono wenye ufunguo ulikokuwa unaelekea, nyuma ya pikipiki mbili za bodaboda, na akaona pikipiki nyingine ndefu ya safari. Ilikuwa na masanduku mawili ya alumini, ya kufunguka kwa juu, ukubwa ule ule.

"Nikaona maboksi yangu mahali pengine," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Akili ikaniambia: Badria, unaua mtu."

Alipiga kelele waache. Hawakuacha. Akajitupa juu ya Abdulhamid, akamfunika kwa mwili wake, na tofali lililokuwa limekusudiwa mgongo wa yule mwanamume likampata yeye begani. Kovu analo mpaka leo. Ni pale mtu mmoja aliposema, "Jamani, mwenye mali mwenyewe anamtetea," ndipo mikono iliposhuka.

Abdulhamid alikuwa amekosea pikipiki. Alikuwa ameingiza ufunguo, ukazunguka, kifuniko kikafunguka, na alikuwa bado anashangaa kuona godoro badala ya spana zake alipoitwa mwizi.

Wote wawili, mmoja shati limechanika na mwingine anavuja damu begani, walijaribu funguo zao mbele ya watu. Wa Abdulhamid ulifungua masanduku ya Badria. Wa Badria ulifungua ya Abdulhamid.

Walikwenda pamoja mpaka duka lililowauzia. Badria hakuomba ruhusa. Alichomeka ufunguo wake kwenye sanduku jipya lililokuwa rafuni, likafunguka. Akachomeka kwenye la pili, nalo likafunguka.

"Yanakuja hivyo hivyo, dada," muuzaji alimwambia. "Boksi ni imara. Mwizi hawezi kujua."

"Mmoja alijua," Badria alimjibu.

Ni nani? Hajui mpaka leo. Huenda ni mtu wa kituo cha mafuta, huenda ni mtu aliyemfuata kutoka Aggrey. Alimuuliza Abdulhamid waziwazi alikuwa wapi siku ile, naye akamwambia alikuwa Korogwe, kazini. Badria alipiga simu ghala la Korogwe kuhakikisha.

"Nilijua utapiga," Abdulhamid anamwambia sasa, wakiwa wamekaa benchi moja. Badria anarekebisha ushungi wake.

Kwenda Gerezani kulimchukua muda mrefu zaidi. Alipofika, Anuari alikuwa anakata bomba. Hakusimamisha kazi. Badria alisubiri mpaka bomba likaisha, kisha akasema alichokuja kusema. Anuari alimsikiliza, akatazama huku na huku. Karakana ilikuwa tupu.

"Matusi ulinipa mbele ya wateja wangu," alimwambia. "Msamaha unaniletea faraghani. Sasa wao watajuaje?"

Badria alirudi kesho yake saa sita mchana, karakana ikiwa imejaa. Alisimama katikati na kusema kwa sauti kwamba alimwita Anuari mwizi na kwamba alisema uongo. Watu wengine hawakuelewa anaongea nini. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuchomelea geti alielewa. Alikuwepo ile siku ya kwanza, na tangu hapo alikuwa amepeleka kazi zake kwingine.

"Nilipoteza watu," anasema Anuari. "Wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Nimemsamehe, ndiyo. Lakini ufunguo wake sishiki tena. Akiniachia hata wa baiskeli, nakataa."

Ni Anuari aliyeng'oa vitasa vile vya kiwandani na kuchomelea makomeo ya chuma, kila sanduku na kufuli lake, lenye ufunguo wake. Abdulhamid naye alileta ya kwake. Badria amewatafuta waendesha pikipiki wengine wenye masanduku ya aina hiyo, amepata tisa mpaka sasa, na kwa kila mmoja amechomeka ufunguo wake wa zamani ili wajionee. Masanduku ya saba kati yao yalifunguka.

Blandina amerudi kumpa mzigo. Lakini sasa kila boksi analifunga kwa utepe wa gundi wenye muhuri wa duka, na mpokeaji lazima apige picha kabla ya kuukata.

"Simshuku," anasema Blandina. "Ila biashara ni biashara. Na yeye angekuwa mimi, angefanya vibaya zaidi."

Badria, aliyesimama mlangoni akitazama pikipiki yake, anasikia na kukubali kwa kichwa.

Tukiwa tunaagana, anaeleza mpango wake wa Desemba. Shule zitakapofungwa anataka kumchukua Amira waende Lushoto, wapande milima kwa pikipiki, walale siku chache kwa rafiki yake Najma aliyeolewa huko. Tangu anunue masanduku yale hajawahi kubeba ndani yake kitu chake mwenyewe.

"Nataka niweke nguo zetu, sufuria, na maandazi ya njiani," anasema. "Nisimame popote kwenye mandhari nzuri, nishuke, niende zangu. Nisifunge hata kufuli. Maandazi yetu nani atayataka?"

Amira, aliyekuja kumsaidia mama yake kupakia, anamtazama.

"Atafunga," anasema.