Tangi ya Yeyo Inasoma Sifuri

Leo simu imeniambia tangi ya mamangu imekauka kabisa.

Mimi niko Kitengela kazini, yeye yuko Mashuuru. Jumapili nilimwekea kifaa cha kupima maji, kinitumie kipimo kwa WiFi; hiki cha leo ndio cha kwanza.

Nikampigia mbio. "Yeyo, maji imeisha?"

"Ngoja."

Nikamsikia akigonga tangi na fimbo, kutoka juu akishuka. Ko, ko, ko. Halafu sauti ikawa nzito.

"Iko hapa kwa kifua yangu."

Kosa ni langu. (Mafundi, chekeni polepole.) Nilifunga waya ya sensa, ile inapima maji, kwa pini ya kifaa ambayo WiFi pia inatumia. Nikijaribu hapa mezani WiFi ilikuwa imezimwa, ikasoma vizuri. WiFi ikiwaka inachukua hiyo pini, sensa inanyamaza.

Dawa ni kuhamisha waya moja tu. Nikaanza kumwelekeza kwa simu.

Akaniuliza, "Sasa hii kitu ikipona, utakuwa unanipigia kuuliza nini?"

Nyinyi mngemjibu aje?

Mimi nilimwambia aache waya hapo hapo. Kesho asubuhi nampigia agonge tena.