Fundi Sikio na Gia Boksi ya Mkwewe

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa waliopo na wasiokuwepo, kwa wenye magari na wanaoyasukuma, kwamba katika gereji moja ya mabati, kati ya duka la majeneza na kanisa lililowahi kuwa baa, palikuwa na sikio. Waliosimama wakae, wenye kofia wazivue. Mafundi wengine wa mtaa ule nao walikuwa na masikio, tena mawili mawili, lakini yalikuwa ya kushikilia penseli tu.

Mwenye sikio lile alikuwa na jina lake halali, limeandikwa kwenye cheti cha ndoa na kadi ya kliniki, na halikuwa na kazi nyingine. Watu walimwita Fundi Sikio. Likija gari linalolalamika, alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye gia boksi, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Gereji nzima ilinyamaza. Redio ilizimwa hata kama ni taarifa ya habari, na hapo hakuna aliyepoteza kitu. Baada ya muda alifumbua jicho moja na kusema, "Beringi ya nyuma." Wakifungua, wanaikuta beringi ya nyuma imelika kama kisigino cha kiatu cha mdai kesi. Inasemekana alikosea mara moja tu, na siku hiyo mwenye gari alikuwa amelala kiti cha nyuma anakoroma.

Masikio, hata hivyo, ni kama wapangaji wabaya. Hayaagi. Miaka thelathini na mitatu ya nyundo, mashine ya kusaga chuma na honi zinazojaribiwa na watu wasio na haya ilimla Fundi Sikio polepole, ikianzia kwenye sauti nyembamba. Sauti nene zilibaki. Bosi wa gereji, ambaye zamani alifundishwa naye kushika spana na sasa ndiye aliyemlipa mshahara huku akimwita Mzee, alikuwa na sauti ya dramu tupu likibingirishwa kwenye kokoto. Huyo Fundi Sikio alimsikia vizuri. Kwa hiyo kazini hakuna aliyegundua chochote.

Nyumbani palikuwa na shida yake, maana mkewe alikuwa na sauti nyembamba kama uzi wa kutungia shanga. Kwa mwaka mzima mama yule aliongea na mgongo wa mumewe. Aliuliza kama chumvi imetosha, mume akatazama ukuta. Alisimulia msiba wa jirani, mume akavua soksi. Mwishowe alimwendea dada yake, akamwambia ameachwa na mwanamume ambaye bado anakula chakula chake. Kisha akaacha kuuliza. Fundi Sikio naye aliona nyumba imetulia siku hizi, akamshukuru Mungu kwa utulivu wa uzeeni.

Aliujua ukweli asubuhi moja, ameketi jikoni karibu na birika lenye filimbi. Birika lilichemka, likapiga filimbi mpaka likakauka, likaanza kunuka chuma, na yeye alikuwa hapo hapo anafunga kamba za viatu. Aliligundua kwa pua. Alikaa akilitazama muda mrefu. Hakumwambia mtu. Kinyozi akipofuka anaweza kusema amestaafu, lakini mtu anayeitwa Sikio ataanzia wapi? Aliendelea na bisibisi yake na macho ya kufumba, akawa anakisia. Na alikisia vizuri, kwa kuwa miaka thelathini na mitatu humwachia mtu mengi ya kukisia nayo.

Ndipo akaja mkwewe.

Mkwe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole kiasi kwamba hata wanafunzi walimhurumia. Alikuwa na kigari chake kidogo na mke mmoja, mtoto pekee wa Fundi Sikio, mshonaji wa nguo za harusi. Siku hiyo walikuja wote wawili. Gia namba mbili ilikuwa inakataa asubuhi, akaeleza mkwe, mpaka ibembelezwe, na ikiingia inaingia kwa kinyongo. Fundi Sikio alicheka. Alimwambia gia boksi haina ugonjwa ila njaa. Oili imezeeka, imekuwa uji, itamwagwa na kuwekwa mpya, na mambo yatakwisha kabla chai haijapoa.

Na kazi ile aliijua kama vidole vyake. Alilizungusha gari mtaa mmoja ili oili ipate moto na kulegea. Akaliinua, pande zote nne zikakaa sawa. Akafungua kwanza bolti ya juu, ya kujazia. Wanagenzi aliwaambia kila siku kwamba anayeanza na ya chini ni sawa na anayemwaga maji ya kuoga kabla hajajua kama bomba lina maji. Oili ikishatoka na bolti ya juu ikagoma, gari limegeuka banda la kuku. Ya juu ilipokubali ndipo akafungua ya chini. Oili ilitoka nyeusi, nzito, ikinuka kama kiberiti kilicholowa.

Bolti ya chini ina sumaku kwenye ncha yake, ya kunasa chuma kinachosagika humo ndani. Kwa kawaida hapo hukutwa kijitope laini cha kijivu, kama wanja. Siku hiyo ndani ya wanja mlikuwa na vipande vitatu vinavyometa, mfano wa magamba ya dagaa. Akavisugua kati ya dole gumba na kidole. Jicho lilimwambia kuna kitu kinaliwa humo. Dole likamwambia hivyo hivyo. Lakini hawa walikuwa mashahidi wadogo. Maisha yake yote hukumu ilitolewa na sikio. Akajaza oili mpya kwa bomba la sindano mpaka ikaanza kuchuruzika tunduni, akafunga, akamwomba mkwe awashe na kuingiza gia, magurudumu yakazunguka hewani. Akaweka bisibisi, akafumba macho.

Palikuwa na mluzi. Mwembamba, wa juu, kama mbu aliyesomea muziki. Mkwe aliusikia akiwa kwenye usukani. Akamtazama baba mkwe, akaona uso umetulia kama wa mtu anayesali, akajiambia kwamba kama Fundi Sikio ameusikia na hajashtuka, basi ndivyo oili mpya inavyoimba. Na hata kama sivyo, mwalimu wa hesabu za kujumlisha atamsahihishaje mtu aliyempa binti yake? Bosi alipita, akausikia, akasimama, akaona yale macho yaliyofumbwa, akaendelea na safari yake. Binti pia aliusikia. Watu watatu wenye masikio mazima walinyamaza kwa heshima ya mmoja asiyesikia.

"Iko safi," Fundi Sikio akasema. "Hiyo namba mbili sasa utaiingiza kwa kidole kimoja."

Ilikuwa kweli. Iliingia kwa kidole kimoja kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, kwenye mteremko, beringi ilivunjika, gia boksi ikang'ang'ana, magurudumu ya mbele yakagoma kuzunguka, gari likateleza hadi mtaroni. Mkwe alitoka na nundu kwenye paji la uso. Binti alivunjika mkono wa kulia sehemu mbili, mkono wa mkasi. Daktari alisema utaunga. Alipoulizwa kama utakata kitambaa kwa mstari ulionyooka, akaanza kusoma faili upya.

Fundi Sikio aliketi kando ya kitanda, mkewe upande wa pili, mkwe amesimama miguuni. Mkwe ndiye aliyeanza kuomba msamaha. Aliomba msamaha kwa kosa la kusikia. Binti alikuwa na sauti ya mama yake, kwa hiyo baba alimtazama midomo.

"Baba, ule mluzi ulikuwa wa nini?"

"Mluzi gani?"

Mkewe aliinuka, akazunguka mpaka nyuma ya kiti chake, akamwita kwa jina lake halali, lile la kwenye cheti cha ndoa. Akamwita tena. Mzee hakugeuka; alikuwa anapanga shuka miguuni pa mwanawe. Mama akaweka kiganja mdomoni. Kisha akaja mbele, akachuchumaa, uso kwa uso.

"Mwaka mzima," akasema, na ikabidi arudie, "mwaka mzima nilidhani umenichoka."

Mzee alimshika mkono. Binti, machozi yakimtiririkia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali, alimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningeitwa nani?" akajibu.

Jumatatu alimwambia Bosi yote, kuanzia birika. Bosi alikuwa mtu mwema na mwoga, mchanganyiko unaozaa mikutano. Hakuweza kumfukuza mwalimu wake, wala kumwachia tena ahukumu gari la mtu. Kwa hiyo aliita gereji nzima, akanunua soda, akapanda juu ya tairi la lori. Alisema habari za hazina ya taifa na maktaba zinazotembea. Alisema kuanzia sasa magari atayasikiliza yeye mwenyewe, lakini mzee wetu hatumwachi, la hasha, anapanda cheo. Ndiye Mshauri Mkuu wa Vilainishi vya Mitambo, ofisi yake pale pale penye shimo la kushukia chini ya magari. Mafundi walipiga makofi. Mmoja alijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na miwani myeusi asiyoinunua.

Sauti ile nene ilimfikia yote, neno kwa neno. Wakamwomba naye aseme mawili matatu. Fundi Sikio aliweka soda chini, akatazama shimo.

"Yaani namwaga oili," akasema.