Gari la Vita la Fundi Meno

Tusekile Mwaipopo alitengeneza meno ya bandia mjini Iringa kwa miaka ishirini na sita. Wapo wazee kuanzia Tosamaganga mpaka Ilula wanaotafuna mahindi ya kuchoma kwa kazi ya mikono yake. Alistaafu mwaka juzi, na wiki ya tatu tu alikuwa ameshachoka kupumzika.

Siku moja aliingia kununua gundi kwa Hiral, binti wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule karibu na soko. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Hiral na Mwalimu Crispin, anayefundisha hesabu chuoni, walikuwa wameinamia meza iliyojaa vilima vya maboksi na askari wa plastiki wasiozidi kidole gumba. Walikuwa wakipigana vita vya sayari za mbali, wakipima hatua kwa rula na kurusha dadu.

"Na hiki kiberiti kinafanya nini katikati ya askari?" Tusekile aliuliza.

"Hicho ni gari la vita, mama," Hiral alijibu. "La kweli hatuna. Kuagiza nje ni shida, kwa hiyo tunajifanya."

Tusekile alikigeuza kiberiti mara mbili, akakirudisha. "Nipeni wiki mbili."

Nyumbani kwake Kihesa alichonga bodi kwa povu gumu jeupe lililofungiwa televisheni, lile jepesi kama pamba. Mabomba ya sindano yakawa mizinga. Vifuniko vinane vya chupa za dawa vikawa magurudumu. Akabandika punje za ulezi, moja moja, zionekane kama ribiti za chuma zinazounga mabati. Kisha akatoka uani na kopo la rangi ya kupuliza.

Kabla hajamaliza upande mmoja, ubavu wa gari ukaanza kunywea. Rangi ilikuwa inakula povu. Alimtumia Crispin picha, naye akapiga simu.

"Liache hivyo hivyo, mama. Tutasema limepigwa kombora."

"Mwalimu, tangu nianze kazi sijampa mtu jino lenye shimo."

Alikata sehemu iliyoharibika, akaziba kwa unga wa rangi ya waridi wa kutengenezea fizi za bandia, akasugua kwa msasa mpaka pakawa laini. Safari hii alipaka rangi ya maji kwa brashi. Kwanza nyeusi, halafu kijani. Kisha akachovya brashi kwenye rangi ya fedha, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikabaki karibu kavu, akapitisha juu juu. Punje za ulezi zikang'aa kama chuma kilichochubuka. Mwisho alichekecha udongo mwekundu wa uani kwa soksi, akaupaka kwenye magurudumu. Wiki mbili zikawa tano.

Hiral alipoliona aliita wateja waje kutazama. Wakaliweka mezani. Mwalimu Crispin akalilenga, akarusha dadu tatu, zote zikatoka sita.

"Samahani, mama," alisema, na kweli alionekana kusikitika. "Limelipuka."

"Wiki tano," alisema Tusekile. Akavuta stuli. "Haya, nifundisheni sheria zenu. Sitaki litolewe tena kijinga hivi."

Mwezi wa nane wachezaji wa Mbeya waliwaalika. Mdogo wake Tusekile, Tusajigwe, anayekaa Uyole, alikuja kushuhudia.

"Dada, umetoka Iringa kote huko kuja kucheza na vigari?"

Tusekile alifungua paa la gari kwa kisu chake kidogo cha kuchongea nta ya meno. Ndani alikaa dereva mdogo kama punje ya mchele, anacheka, meno yote nje. Tusajigwe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatafuta kiti.

Tusekile alilificha gari nyuma ya kilima raundi mbili nzima, akalitoa ya tatu. Iringa walishindwa, lakini lile gari ndilo pekee lililobaki limesimama upande wao. Vijana wawili wa Mbeya wakamwomba awafundishe kuchonga. Alikuwa amepanga kulala siku moja kwa mdogo wake, akakaa nne. Kila alasiri sebule ya Tusajigwe ilijaa vumbi la povu, na mwenye nyumba, aliyekuja mchezoni kucheka, alikuwa ameng'ang'ania msasa, hataki kumpa mtu.