Tiketi Mbili Badala ya Betri

Miaka ile ya Ujamaa, sisi wa Kariakoo tukiona foleni tulikuwa tunapanga kwanza, kuuliza baadaye. Ukianza kuuliza, waliokuja nyuma yako wameshakupita, na sabuni inaishia kwa wa mbele yako. Mimi nilitembea na kapu siku zote, hata nikienda msibani. Ndani ya kapu mlikuwa na kopo tupu la mafuta, mfuko wa unga, na jiwe langu la kuwekea nafasi, jiwe jeupe la matumbawe ambalo mtaa mzima ulilijua. Ukilikuta jiwe lile kwenye mstari, ujue mwenyewe yuko karibu, na ana mdomo.

Siku ninayoisema nilitoka kutafuta betri za redio. Betri zilikuwa hazionekani mjini, na nyumbani kwangu kulikuwa na mtu ambaye bila redio chakula hakimshuki. Mtu huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Mume wangu alimleta kutoka Lindi kuja kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali kubwa kule upande wa Upanga walimtazama, wakasema bado halijakomaa, asubiri lizibe ndipo walitoe. Basi akawa anasubiri kwetu, kwenye vyumba vyetu viwili katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Kila mwezi dunia yake ilizidi kufifia. Habari ya kutolewa hakuiamini hata kidogo, maana kwao aliwaona wazee waliofungwa macho wasifunguke tena. Hakulalamika. Alimwomba mwanawe jambo moja tu: kabla macho hayajafunga, aione timu ya taifa ikicheza, hata mara moja. Miaka yote kijijini aliisikia redioni tu.

Na mashindano yalikuwa yanakuja hapahapa mjini, timu za nchi jirani zote.

Sasa, lazima niwaeleze tulivyokuwa tunaishi, mimi na mzee yule. Kwao mkwe ni heshima kubwa. Nikimwamkia, napiga goti mlangoni: shikamoo baba. Naye anaitikia marahaba akitazama ukuta. Basi, maongezi yameisha hapo. Hatuli pamoja, hatukai mkeka mmoja, hatuitani. Akitaka kitu anamwambia binti yangu, ambaye wakati huo hata kutambaa hajajua. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako chai haina sukari." Mtoto ananyonya kidole. Mimi nipo palepale na birika mkononi, nami namjibu mtoto: "Mwambie babu yako sukari imekwisha, tunasubiri duka la ushirika lilete." Wapangaji wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Mtoto wa Kariakoo nimezaliwa nikisema na watu uso kwa uso, na kuzungumza kwa kupitia kichanga kulinichosha roho.

Mtaani hakukuwa na habari nyingine ila mashindano. Kinyozi wa barazani kwetu alifuta bei zake ubaoni, akaandika kikosi cha taifa kwa chaki. Watu wa klabu mbili ambao mwaka mzima hawapeani hata moto wa sigara wakawa wanakaa benchi moja, wanabishana nani aanze mbele. Ukikaa kwenye kiti cha kinyozi ukamtaja kipa mwingine, unanyolewa nusu kichwa, halafu anakuacha mpaka uombe radhi. Nilimwona kwa macho yangu karani mmoja, mtu mzima na suruali yake ya tetroni, anaomba radhi huku kichwa kimebaki na shamba upande mmoja.

"Kombe hili halitoki mjini," kinyozi alikuwa anaapa. "Likitoka, nyembe zangu zote nazitupa baharini pale Feri."

Na watu waliamini, msione hivi. Sukari hakuna, nguo hakuna, lakini kombe lilikuwa letu, tumeshalipangia mpaka njia litakayopitishwa. Hata mimi nisiyejua mpira nilianza kuliona likipita kwenye mtaa wetu.

Tiketi sasa! Zilitangazwa kwamba zinauzwa, lakini wapi? Leo uwanjani, kesho Mnazi Mmoja, keshokutwa unaambiwa zimekwisha, nenda kwa walanguzi. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli pale Gerezani. Alikuwa anatoka kazini na ovaroli lake la grisi moja kwa moja kwenda kupanga, na anarudi mikono mitupu. Mzee akisikia viatu vya mwanawe ukumbini anainua kichwa. Mwanawe akinyamaza, kichwa kinashuka polepole. Ile shingo iliniuma. Hatusemezani, ndiyo, lakini iliniuma kama ya baba yangu mzazi.

Ndipo siku hiyo, katika kuhangaikia betri, nikakuta foleni imezunguka ukuta mmoja jirani na soko. Nikaweka jiwe langu haraka kabla sijavuta pumzi.

"Kaka, wanatoa nini?" nikamuuliza wa mbele yangu.

"Sijui, dada. Lakini unaiona ilivyo ndefu!" akasema kwa fahari, utadhani kaijenga yeye.

Nyuma yetu mtu akasema khanga. Mwingine akasema si khanga, ni betri, shehena imeshuka bandarini. Nikatazama mstari: wanaume watupu. Nikajiambia, hiyo ni betri. Sabuni hawawezi kuipangia hivi. Nikakaa juani, nikanunua muhogo wa kukaanga, nikaenda mara moja kumnyonyesha mwanangu nyumbani, nikarudi. Nakuta bwana mmoja amelisogeza jiwe langu pembeni, kajipachika yeye.

"We kaka! Jiwe hilo lina mwenyewe, na mwenyewe hajafa!"

"Samahani mama, nilidhani..."

"Ulidhani limetembea lenyewe?"

Foleni nzima ikanishangilia, akarudi nyuma kichwa chini. Nikafika dirishani nimevimba kwa ushindi. "Nipe betri za redio kubwa."

Muuzaji akaniangalia. "Mama, hizi ni tiketi za mpira."

Loh! Kicheko kilichopasuka nyuma yangu, mpaka wachukuzi wa sokoni wakageuka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze na kapu langu. Nusu ya siku juani, mtoto nimemwachia mpangaji mwenzangu, jikoni hakuna kilichobandikwa, kwa ajili ya mpira! Nikageuka niondoke. Halafu nikaiona ile shingo. Kichwa kinainuka, kichwa kinashuka.

"Nipe mbili," nikasema.

Sijafika mbali, mlanguzi ananifuata. Anataka kununua kwa bei ya kuruka, na juu yake anatoa khanga mpya, pea nzima, rangi bado zinang'aa. Wanawake wenzangu wa miaka ile ndio watanielewa. Khanga mpya! Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama, nikaishika, nikainusa. Kisha nikamrudishia. "Ukinifuata tena nakuitia mwizi," nikamwambia, na yeye anajua Kariakoo mtu akiitiwa mwizi hutokea nini.

Jioni mume wangu alicheza ngoma peke yake ukumbini. Mzee alizishika zile tiketi, akazipapasa pembe zake, akazinusa kama mimi nilivyoinusa khanga. "Mjukuu wangu," akasema, "mwambie mama yako... mwambie tu nimezishika."

Ikafika siku ya mechi. Asubuhi analetwa mtu kutoka karakana: mabehewa yameanguka huko bara, mafundi wote wanatakiwa. Mume wangu akavaa ovaroli huku yu karibu kulia. Akasema tiketi yake apewe kinyozi, ampeleke mzee. Kinyozi, ambaye kwa kelele zake zote alikuwa hana tiketi, akawa ameshavaa shati la kwendea.

Mzee akakohoa. "Mjukuu wangu, muulize baba yako, hizi tiketi kapanga nani?"

"Kapanga mama yake," mume wangu akajibu.

"Basi aliyepanga ndiye aende."

"Mzee wangu," kinyozi akaingilia, "mama huyu mpira haujui! Atakueleza nini?"

"Mjukuu wangu, muulize kinyozi, jiwe lake lilikuwepo kwenye foleni?"

Kinyozi akakaa chini. Baadaye kidogo, kwa uungwana wake, alinifuata jikoni akanifundisha haraka haraka nani anacheza wapi. Sikushika hata jina moja.

Tukatoka. Kumshika mkono baba mkwe, haiwezekani. Nikashika ncha moja ya bakora yake, yeye akashika nyingine, tukapita Gerezani hivyo, fimbo katikati yetu, katika umati unaoimba. Watu walitupisha. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na fahari, vyote kwa pamoja.

Uwanjani tulikaa upande wa jua. Mwanzo aliniachia nafasi ya mtu mmoja, lakini umati hauna mkwe, ukatubana bega kwa bega. Timu zikaingia, uwanja ukanguruma. Mzee akakodoa macho, akafuta kwa kanzu, akakodoa tena.

"Naona kama nimo ndani ya tui," akasema taratibu.

Nilijisikia vibaya sana. Tumechelewa, nikajua. Filimbi ikapigwa. Akapapasa kulia na kushoto, akasema hewani, "Mjukuu wangu angekuwepo, ningemuuliza mpira uko kwa nani."

Na mimi nikajibu hewani, "Angekuwepo ningemwambia, uko kwa yule mfupi mwenye bukta kubwa. Sasa kampa mrefu. Sasa..." Mpira, jamani, hausubiri kichanga. Nikasahau hewa, nikasahau goti na ukuta. "Baba! Mfupi kaupata tena! Anakimbia huyo, kama kafukuzwa na nyuki! Kampita mmoja, kampita... ah, kaangushwa! Na refa yuko pale anachezea filimbi yake, huyu naye hana haya!"

"Upande gani? Kulia?"

"Kulia kwetu, baba, penye bendera! Anainuka, anachechemea, mwongo huyo, hajaumia, namwona!"

Mzee akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akanishika mkono, yeye mwenyewe, akaubana. Watu wa mbele wakageuka kunisikiliza, mmoja akanirekebisha, nikamwambia kama anajua zaidi angekuja na mzee wake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kipa wao nilimwita mwizi wa kuku, mabeki wetu niliwaita wapangaji wasiolipa kodi. Naye alikuwa anauliza, anauliza, macho kayafumba kabisa, uso kauelekeza kwangu.

Karibu na mwisho uwanja ulinyamaza ghafla.

"Wametufunga?"

"Wametufunga, baba."

"Niambie walivyofunga."

Nikamwambia, machozi yananitoka kwa hasira, mimi ambaye asubuhi nilikuwa sijui mpira una pande ngapi. Kufungwa huko kukatutoa mashindanoni, na kombe ambalo tulishalipangia njia likaenda kwa wenyewe. Kinyozi hakutupa nyembe zake, ila ubao aliufuta akarudisha bei. Njiani kurudi, fimbo yetu katikati, mzee alisimama palepale kwenye reli ya Gerezani.

"Mwanangu," akasema. Si mjukuu. Mtoto hakuwepo. "Asante, mwanangu. Nimeona."

Nyumbani desturi ilirudi mahali pake. Chai haina sukari, mwambie mama yako. Nami sikuchoka tena kumjibu mtoto.

Macho yakafunga kabisa. Akakaa gizani karibu mwaka, kisha hospitali wakamtoa mtoto wa jicho, na lile alilodhani haliwezekani likawezekana. Walipomfungua bandeji alimtazama mwanawe, akamtazama mjukuu wake, halafu akanitazama mimi, kitambo. Kisha akageuza uso ukutani, kwa heshima, lakini nilimwona anatabasamu.

Timu ya taifa ilipocheza tena hapa mjini, mume wangu alipata tiketi, akampeleka baba yake, na miwani yake minene mipya. Nilifurahi, na nilikuwa na kijiba cha roho pia, sifichi. Nilikuwa uani nasonga ugali waliporudi. Tulikuwa tumeshinda, mtaa mzima unapiga mabati. Binti yangu, ambaye sasa anakimbia, akamrukia babu yake. Mzee akafungua mdomo kama kawaida: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako..."

Akaacha. Akavuta mkeka, akaketi, akageuka kwangu.

"Mwanangu. Leo nimeona kila kitu kwa macho yangu. Njoo unieleze mpira."

"Baba, mimi leo sikuwepo."

"Najua," akasema, akavua miwani, akafumba macho. "Nieleze ule wetu."

Nikaepua sufuria, nikaketi kwenye mkeka wake, nikaanzia pale timu zilipoingia.