Mgunga wa Mwisho wa Uwanja

"Ulibisha hodi au hukubisha, Baba Fahad? Nijibu!"

"Mti ni wa serikali, Dado. Nimbishie nani hodi?"

"Aliyekuwamo!"

Chande akasukuma sahani ya wali. Kazi yake ni kukata miti ya umma, na tangu rubani alalamike kwamba magurudumu yanachana vilele vya migunga mwishoni mwa uwanja wa ndege wa Garsen, hapumziki. Kila mti huugonga kwanza kwa mgongo wa panga, kisha huuacha hadi kesho yake, ili pepo aishiye humo apate kuhama. Ule mkubwa tu aliuangusha bila kuugonga. Ndege ya daktari ilikuwa njiani, na mtu wa ofisi alimhimiza kama anayefukuza ng'ombe shambani.

Tangu hapo nguzo ya nyumba yake inagongwa, mchana kweupe, wenyewe wakila.

"Ni mchwa," alisema, bila kuamini.

"Mchwa gani agongaye akangoja kujibiwa? Maji ya mtungi yananuka utomvu. Umemwacha mtu bila nyumba, nawe una vyumba viwili! Leo naenda kwa mama, kule Ngao, na watoto nawachukua."

"Usiende, mke wangu. Nitamwomba radhi."

"Wapi, kwenye kisiki?"

Nguzo ikagongwa.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke mlangoni.

"Karibu," Chande akajibu kwa mazoea, kabla Dado hajamziba mdomo.

Akaingia bibi mrefu, kichwa kikigusa makuti, vumbi la mbao nyweleni, mkeka kwapani, akiangalia chumba kipi kina nafasi.