Kile Kitabu cha Njano

Juzi nilipita Rongo na binti yangu kumnunulia kitabu cha hadithi, na kijana muuza vitabu akatucheka. Nilimwachia mtoto achague mwenyewe. Hakufungua hata kimoja. Alizunguka meza, akainamisha kichwa huku na huku, kisha akachomoa kilichokuwa chini kabisa, cha njano, na rundo zima likaporomoka.

"Nataka hii ya yelo."

"Na inahusu nini?" yule kijana akamuuliza.

"Si nimesema ni ya yelo."

Muuzaji akanigeukia. "Madam, kitabu hakichaguliwi kwa ngozi. Mwambie asome jina kwanza." Nililipa. Ningemjibu nini? Kwamba mimi, na mvi zangu hizi chache, kuna kitabu ambacho nimekitafuta katika kila duka na kila kibanda kuanzia Migori hadi Homa Bay, na jina lake silijui? Nilichowahi kujua ni rangi yake tu. Kilikuwa cha njano, ile njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Wewe hutanicheka, najua, kwa hiyo wewe nitakueleza.

Nililelewa Kosele na nyanya yangu mzaa mama, miaka ile mama alipokuwa akihangaikia riziki Migori mjini. Nyanya tulimwita Dani, kama Waluo wote wanavyowaita nyanya zao. Shuleni kwetu hapakuwa na maktaba. Palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, lililokaa nyuma ya darasa la sita, na ndani yake vitabu vya hadithi ambavyo hakuna aliyejua vilitoka wapi. Ijumaa jioni mwalimu wa Kiswahili alilifungua, nasi tukalivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Nani angekuwa na nafasi ya kusoma majina katika vurugu ile? Uliona rangi, ukarusha mkono, na hata nyumbani jina hukulijali tena.

Basi vitabu tukavibatiza kwa rangi zake. Palikuwa na Nyekundu, Kijani, Buluu, na Nyeupe ambacho kilikuwa kimeacha kuwa cheupe zamani kwa mafuta ya mandazi. Palikuwa pia na Nyeusi, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, maana tuliamini kina habari za wafu. Siku moja msichana mmoja mkubwa wa darasa la saba alikichukua, na Jumatatu sote tukasimama getini kuona kama atakuja akiwa mzima. Alikuja, tena amekasirika. Kilikuwa kitabu cha kufuga kuku.

Dani hakujua kusoma, lakini Kiswahili alikuwa nacho. Alikipata Isebania ujana wake alipokuwa akienda kununua bidhaa mpakani, na kilikuwa Kiswahili cha kupatana bei: kila neno alilisikiliza kama linalotaka kumpunja. Alhamisi ikifika alikuwa ameshaamua nilete rangi gani. Kijani wakati wa mvua. Buluu wakati wa kiangazi, "angalau tuone maji." Nyekundu kilikuwa na kelele nyingi, kwa hiyo tulikisoma mjomba, mwanawe tuliyeishi naye, akiwa hayupo. Nilipomwambia habari za Nyeusi alifurahi kuliko watoto wote wa shule ile, akanituma nikilete wiki hiyohiyo, maana kuku wake walikuwa wanakohoa.

Tulisoma jioni jua likiwa bado lipo. Nikishateka maji na kufagia uwanja, tuliketi kwenye mkeka chini ya upenu, katikati yetu ungo wa njugu za kumenya. Sakafu ya nyumba ilinukia samadi mbichi aliyoisiriba asubuhi, chungu cha nyoyo kilitokota taratibu ndani, mahindi na maharagwe yakibishana, na kutoka sokoni ulisikika mtambo wa kusaga unga ukihema. Nikianza kuiba njugu alinikata mara moja. "Ama usome ama utafune," alisema. "Mdomo ni mmoja."

Alikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa. Hadithi zetu za Kiluo, zile alizotusimulia motoni baada ya chakula, humalizika kwa neno moja: tinda. Maana yake imefika mwisho, imefungwa. Dani alitaka hata vitabu vya shule vifungwe hivyo. Nikifika ukurasa wa mwisho nilisema "Tinda!", naye akapangusa mikono na kwenda kutazama chungu chake. Hadithi isiyofungwa haikumpa raha, alizunguka nayo kama mtu aliyesahau kufunga zizi.

Sasa, Njano ndicho kilichogombaniwa kuliko vyote. Nilikipata mwishomwisho wa muhula wa tatu. Kilihusu mama mmoja mfinyanzi aliyemfuata mbuzi wake hadi ng'ambo ya mto, na alipotaka kurudi akakuta daraja limechukuliwa na maji. Akatembea hadi mji asioujua. Akawasalimu watu wa kwanza, hawakuitika. Akawasalimu wengine, kimya. Dani aliweka njugu chini.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Dani."

"Huo mji uko upande gani, nisije nikapita siku moja!"

Mama yule akafika kwenye nyumba yenye moshi, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Hapo Dani akaniinulia mkono nisimame, akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayenipa sheria za nchi. "Hodi ni tatu. Ya kwanza, pengine wanavaa. Ya pili, pengine wanaulizana ni nani. Ya tatu wasipoitika, unashika njia yako, huna mtu hapo." Nami nikataka kufunua ukurasa, lakini jua lilikuwa limeshuka, herufi zimekuwa mchwa, na mjomba alikuwa ameita tukafunge ng'ombe. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa na kitabu kilipaswa kurudi. Hatukuruhusiwa kuchukua kitabu kilekile mara mbili mfululizo, lakini hilo halikunitisha. Ningeangalia tu nani ameondoka na Njano, nimwombe jioni moja.

Ijumaa hiyohiyo mwalimu wetu akafanya jambo jema.

Alivipenda vile vitabu, masikini. Iliuma roho yake kuona majalada yakiliwa na mvua, jua na vidole vyetu vya mafuta. Shule ilikuwa inajenga darasa jipya, basi akakusanya mifuko ya simiti, akaikung'uta vumbi na kuikata, akatuketisha chini na gundi ya unga tuvivalishe vitabu vyote, upande wa kaki nje. Tulifanya kazi ile huku tukiimba. Mimi nilikivalisha Kijani, na nakumbuka nilivyojivunia pembe zake zilivyonyooka. Kisha mwalimu akapitia kimoja kimoja, akaandika jina juu yake kwa mwandiko wake mzuri. "Sasa vitadumu," alisema. Kwa mara ya kwanza vitabu vyetu vilikuwa na majina, na sisi hatukuvijua tena.

Jioni ile watoto wote walikwenda nyumbani na kitabu cha kaki kwapani. Zamani ungeona Buluu kinakata kona kwenye njia ya kisimani, ukajua leo kiko kwa nani. Sasa nilisimama njiani nikiwauliza wanaopita: chako kina nini ndani? Kina mbuzi? Kina mama anayepiga hodi? Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Wavulana wengi hawakujua kina nini, walibeba vitabu wiki nzima bila kuvifungua. Ijumaa iliyofuata nilifunua vyote sandukuni, kimoja baada ya kingine, nikasukumwa na kukanyagwa. Njano hakikuwamo.

Nilipomweleza Dani, alitikisa kichwa. "Mwalimu wenu ni mtu mzuri," alisema, "lakini hajawahi kumtafuta kuku wake kwenye soko la kuku."

Muhula ukaisha. Mama alikuwa amepata chumba Migori na shule ya kunitia, na nguo zangu zilikuwa tayari ndani ya mfuko. Jioni ya mwisho tuliketi mkekani bila kitabu. Niliona jinsi njugu zinavyomenywa polepole, nikamwambia, Dani, niache nikutungie mwisho, tuseme tinda, tumalize. Akakataa. "Usinitungie. Utaumaliza ukirudi."

Nilirudi likizo, naam. Lakini likizo shule hufungwa, na sanduku nalo lilifungwa. Baadaye mwalimu akahamishwa, na sanduku likapelekwa sijui wapi, kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Kisha likizo zenyewe zikaanza kupungua, kwa masomo ya ziada, kwa duka la mama, kwa maisha. Lakini kila nilipoingia uwanja ule, kabla hata sijaketi, Dani aliniuliza, "Yule mama, wamemfungulia?" Simu zilipofika Kosele aliniuliza kwa simu, kabla ya afya na kabla ya mvua.

"Bado, Dani."

"Haya. Utanijuza."

Halafu akafariki, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeniuliza swali lile. Nasikia watu wakisema mtu huzoea. Mimi sijazoea.

Basi juzi, kutoka Rongo, tuliendelea mimi na binti yangu mpaka Kosele. Sokoni, nje ya mtambo wa kusaga, niliitwa na mwenye mtambo, jirani yetu wa zamani tuliyesoma naye darasa moja. Siku hizi ni bwana mzima mwenye kitambi, unga umemjaa nyusi. Tulisalimiana, akamsalimu mtoto, kisha macho yake yakatua kwenye kitabu alichokumbatia.

"Wacha! Hiyo rangi! Unakumbuka Njano?"

Nilimwambia nakumbuka.

"Mimi ndiye nilikuwa nayo. Ile Ijumaa ya simiti. Niliibeba hadi shule ikafungwa bila kuifungua. Likizo ndiyo nikaisoma, nikashtuka, kumbe ndiyo hii ulikuwa unatusumbua nayo! Na wewe ushaenda Migori. Nikasema acha nimpelekee Dani, nimsomee pale mlifikia."

Nilimsogelea. "Ukamsomea?"

"Nimsomee wapi! Nimefungua tu mdomo, akaniinulia mkono. Akasema, 'Mwenye hadithi hii yuko Migori. Tukiifunga bila yeye, atakuja kufuata nini huku?' Akanipa nyoyo, akanirudisha kwetu, na shule ilipofunguliwa nikairudisha sandukuni." Alicheka, akajikung'uta unga nguoni. "Mimi kusema ukweli nilifurahia nyoyo."

Sikucheka. Nilikuwa namwona Dani akiinua ule mkono. Kila likizo, kila simu, mwisho wa hadithi ulikuwa nyumba ya jirani, angeitisha tu asomewe. Na bado aliniuliza mimi.

"Na iliishaje?" nikamwuliza. "Walimfungulia?"

Yule bwana akatazama juu ya paa la mtambo wake. Akafumba jicho moja. Nilimwona akitafuta kweli, kwa bidii, kama mtu aliyeangusha kitu kwenye majani.

"Haki ya Mungu nimesahau," alisema, na uso wake uliingia huruma. "Nakumbuka tu ukichungulia chini ya ile karatasi ya simiti, ilikuwa njano kabisa."

Tukapanda hadi kwa Dani. Uwanja nilioufagia umeota nyasi hadi magotini. Ukuta wa upande wa jikoni umepasuka, mabati yamekula kutu, na chini ya upenu mahali pa mkeka wetu kuku wa mjomba wamejichimbia mavumbi. Sanduku la shule halipo, mwalimu sijui yuko wapi, na watoto tuliosukumana Ijumaa tumetawanyika na kila mmoja ana rangi yake anayoikumbuka bila jina. Vile vitabu huenda bado vinadumu mahali fulani, kama alivyotaka mwalimu, vimevaa kaki zao, na hakuna anayejua kipi ni kipi.

Mlango wa Dani ulikuwa umefungwa. Nilisimama mbele yake.

"Hodi," nikasema.

Mtambo ulisikika kwa mbali. Binti yangu akanivuta kitenge. "Mami, si ulisema hapa hakuna mtu?"

Nilimshika mkono. Pengine anavaa, nilijiambia.

"Hodi."

Tulisimama pale, mimi na mtoto na kitabu chake cha njano, mpaka kivuli cha upenu kikatufunika miguu. Kisha nikaketi kizingitini, nikamwambia anipe kitabu tuanze kusoma jua likiwa bado lipo. Hodi ya tatu sikuipiga.